Kihariri kimejifunga ghafla: namna ya kurudisha mafaili yaliyokuwa wazi

Umeme umekatika, au kompyuta imeganda ukalazimika kuizima kwa kitufe, au kihariri chenyewe (programu ya kuandikia maandishi au msimbo, kama Notepad++, VS Code au Vim) kimetoweka kwenye skrini bila kuaga. Ulikuwa na vichupo kumi na viwili wazi, na viwili kati ya hivyo havijawahi hata kupewa jina. Maandishi mengi yanayopotea katika hali hii hayapotei wakati wa ajali. Yanapotea dakika chache baadaye, pale mtu anapofungua kihariri kwa pupa, akaulizwa swali ambalo hakulisoma, akabonyeza lolote, kisha akahifadhi maandishi ya zamani juu ya mapya. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kunakili. Kurejesha kunafuata.

Kabla ya hapo, tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kuna faili lenyewe lililoko diskini, jinsi lilivyokuwa mara ya mwisho ulipolihifadhi. Kuna maandishi uliyoyaongeza baada ya hapo, ambayo kihariri kinayashika kwenye kumbukumbu na, kikiwa cha kisasa au kimepangwa vizuri, huyaandikia pia nakala ya pembeni. Halafu kuna sesheni, yaani orodha tu ya vichupo vilivyokuwa wazi na mahali kiteuzi kilipokuwa. Sesheni ikipotea umepoteza urahisi, hujapoteza kazi. Na kinyume chake ni kweli: vichupo vyote kumi na viwili vinaweza kurudi vikapendeza macho huku ndani yake mna maandishi ya asubuhi, si ya jioni. Usihukumu kwa kuona vichupo.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli kimekufa

Kihariri kilichoganda bado kina maandishi yako yote kwenye kumbukumbu. Ukikiua, unabaki na kile tu kilichowahi kuandikwa diskini.

Wanaotumia terminali (dirisha la kuandikia amri) wajiulize kwanza kama hawakubonyeza Ctrl+S kwa mazoea. Katika terminali nyingi, mabonyezo hayo husimamisha utoaji wa maandishi kwenye skrini, na Vim huonekana imekufa wakati haina tatizo lolote. Bonyeza Ctrl+Q na itaamka. Kama dirisha la Vim limetoweka na umebaki na alama ya amri, huenda ulibonyeza Ctrl+Z. Andika `fg` na utarudi pale pale ulipokuwa. Na kama ulikuwa unafanya kazi kwenye seva ya mbali ndani ya tmux (programu inayoendeleza kazi yako kwenye seva hata ukitoka), kukatika kwa mtandao hakukugusa kitu: ingia tena, andika `tmux attach`, endelea.

Kwa vihariri vya madirisha, subiri. Kutafuta na kubadilisha neno katika faili kubwa, au folda iliyoko kwenye diski ya mtandao isiyofikika, vinaweza kukigandisha kihariri kwa dakika kadhaa kisha kikazinduka.

Ukiona hakuna njia ila kukiua, kiue kwa adabu. Kwenye Linux na macOS usianze na `kill -9`. Tumia `kill -HUP` ikifuatwa na namba ya mchakato (ile ambayo mfumo huipa kila programu inayofanya kazi), kwa sababu ishara hiyo inaipa programu nafasi ya kujiokoa: Vim itatunza faili lake la swapu (ndiyo nakala yake ya pembeni), na nano itaandika maandishi yako kwenye faili lenye jina lile lile likiongezewa `.save` mwishoni. Kama faili halikuwa na jina, tafuta `nano.` ikifuatwa na namba ya mchakato kisha `.save`. Ishara ya 9 hainyimi tu nafasi hiyo, programu haiioni kabisa.

Kuna hila moja zaidi kwa maandishi ambayo huwezi kuyaandika tena: kabla ya kuua mchakato, toa nakala ya kumbukumbu yake. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya michakato, bofya kulia jina la kihariri na uchague kutengeneza faili la dampu. Kwenye Linux, `gcore` (inakuja na gdb, programu ya kutafutia hitilafu) ikifuatwa na namba ya mchakato hufanya kazi hiyo, mara nyingine kwa ruhusa ya msimamizi. Faili litakalotoka ni kubwa na limejaa takataka, lakini programu ya `strings` itakuchambulia maandishi yaliyomo. Ukikosa kitu, rudia kwa `strings -e l`, kwa kuwa programu nyingi, hasa za Windows, hushika maandishi kwa mfumo wa herufi wa UTF-16 ambao `strings` ya kawaida haiuoni. Ni kazi ya kuchambua mchele kwenye mchanga. Kwa sura nzima ya tasnifu, inalipa.

Hatua ya 2: Nakili kabla ya kufungua chochote

Usifungue kihariri bado. Nenda kwenye folda ambamo kihariri chako huweka nakala za pembeni, uinakili yote kwenda mahali pengine, tuseme kwenye eneokazi ndani ya folda uliyoipa jina "okoa". Sababu ni kwamba nakala hizi zimetengenezwa ili zifutwe: ukihifadhi faili au ukifunga kichupo chake, kihariri hudhani kazi ya nakala imekwisha na huiondoa. Ukishakuwa na nakala yako, unaweza kukosea mara tatu na bado ukarudi mwanzo.

Mahali pa kutazama:

- Notepad++: `%APPDATA%\Notepad++\backup`, pamoja na faili la `session.xml` lililoko folda moja juu yake
- VS Code: folda ya `Backups` ndani ya `%APPDATA%\Code` kwenye Windows, `~/.config/Code` kwenye Linux, na `~/Library/Application Support/Code` kwenye macOS. Chukua pia `User/History` iliyoko humo humo
- Sublime Text: folda ya `Local` ndani ya folda yake ya mipangilio
- Vim: kwenye folda ile ile ya faili lako, faili lililofichwa lenye jina kama `.ripoti.txt.swp`. Neovim huyaweka yote pamoja kwenye `~/.local/state/nvim/swap`
- Emacs: kwenye folda ya faili, jina likiwa limezungushiwa alama ya reli: `#ripoti.txt#`
- Kate: kwenye folda ya faili, `.ripoti.txt.kate-swp`
- Notepad ya Windows 11: folda ya `TabState`, ndani ya `LocalState` ya kifurushi cha Microsoft.WindowsNotepad, chini ya `%LOCALAPPDATA%\Packages`

Kwenye Windows, njia fupi ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kubandika anwani kama ilivyo, kisha Enter. Kwenye Linux na macOS, kama hukumbuki faili lilikuwa wapi, mwachie `find` kazi hiyo: `find ~ -name ".*.sw?"` kwa Vim, au `find ~ -name "#*#"` kwa Emacs. Nakili pia faili la asili jinsi lilivyo sasa. Hata likionekana la zamani, utalihitaji kwenye kulinganisha, na Vim inalihitaji ili irejeshe.

Hatua ya 3: Rejesha, kila kihariri kwa njia yake

*Vim na Neovim.* Hapa ndipo watu wengi huogopa, na ndipo pana ulinzi wa zamani uliokomaa. Vim huandika faili la swapu kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4. Kwa hiyo kiasi unachoweza kupoteza ni kidogo mno, mradi usiharibu swapu yenyewe.

Ukifungua faili baada ya ajali utapata ujumbe mrefu unaoanza na E325. Usome. Unakuambia swapu ni ya tarehe gani, ya mashine ipi, na kama ina mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Kama kwenye mstari wa "modified" pameandikwa "no", hakuna cha kuokoa humo. Kama mbele ya namba ya mchakato pameandikwa "STILL RUNNING", faili liko wazi kwenye Vim nyingine, pengine kwenye dirisha ulilolisahau. Toka kwa Q ukalitafute. Kama hakuna kati ya hayo, bonyeza R. Usibonyeze E kwa haraka, maana utaanza kuhariri toleo la zamani na Vim itaunda swapu ya pili inayoishia `.swo`, kisha utakuwa na mbili za kuchagua. D ndiyo inayofuta swapu. Hiyo iache kabisa kwa sasa.

Unaweza pia kuanza nje kwa `vim -r`, ambayo huorodhesha swapu zote zilizopo, halafu `vim -r ripoti.txt` kwa ile unayoitaka. Kwa bafa (maandishi yaliyo wazi ndani ya kihariri) ambayo haikuwa na jina, andika `vim -r ""` ukiwa kwenye folda ile ile uliyokuwa umeanzishia Vim.

Maandishi yakishatokea, usiandike `:w` peke yake. Andika:

`:w ripoti-rejeshwa.txt`

kisha utoke kwa `:q!` na ulinganishe mawili hayo kwa `vim -d ripoti.txt ripoti-rejeshwa.txt`. Tafuta mistari inayoanza na alama tatu za kuuliza, `???`, hizo Vim huziweka pale ambapo imeshindwa kupata kipande fulani. Ukiridhika, ndipo unapofuta swapu kwa mkono, kwani Vim haiifuti yenyewe baada ya kurejesha. Wasiofanya hatua hii ya mwisho ndio wanaolalamika kwamba ujumbe wa E325 hauwaishii.

*Emacs.* Kwa faili moja, tumia `M-x recover-this-file` (M ni kitufe cha Alt, na C hapa chini ni Ctrl) ukiwa ndani yake, au `M-x recover-file` uandike jina. Kwa mengi kwa pamoja kuna amri ambayo haijulikani inavyostahili: `M-x recover-session`. Inakupa orodha ya sesheni zilizokatika. Weka kiteuzi kwenye unayoitaka, bonyeza `C-c C-c`, na Emacs itakuuliza faili moja baada ya jingine. Kinachorudi kiko kwenye bafa tu, bado hakijafika diskini, kwa hiyo una nafasi ya kusoma kabla ya `C-x C-s`. Emacs huhifadhi nakala hizi kila baada ya mabonyezo 300 hivi, au ukitulia kwa sekunde 30. Ila bafa zisizo na faili, kama `*scratch*`, hazimo kwenye ulinzi huo kwa mipangilio ya kawaida.

*VS Code.* Kwa kawaida huhitaji kufanya kitu: ukiifungua, vichupo hurudi na maandishi yake. Kisiporudi kitu, tatizo la kawaida ni kwamba umefungua dirisha tupu. Nakala zake zimefungamanishwa na folda uliyokuwa ukifanyia kazi, hivyo fungua folda ile ile, kwenye anwani ile ile. Kama umeihamisha au kubadili jina lake, rudisha jina la zamani kwanza.

Ikikataa bado, ingia kwenye ile nakala ya `Backups` uliyoiweka kando. Ndani mna folda zenye majina ya namba na herufi zisizo na maana kwa binadamu, na ndani ya kila moja huwa mna folda ya `file` kwa mafaili yenye jina na `untitled` kwa yale yasiyo na jina. Fungua lolote kwa kihariri kingine: mstari wa kwanza unaeleza faili la asili lilikuwa wapi, na yanayofuata ni maandishi yako. Futa mstari huo, hifadhi kwa jina jipya, basi.

Toka toleo la 1.66 la mwaka 2022 kuna historia ya ndani pia. Fungua faili, kisha tazama paneli ya Timeline upande wa chini wa orodha ya mafaili, au andika "Local History: Find Entry to Restore" kwenye paleti ya amri, ambayo hufaa hata kwa faili lililofutwa. Lakini ijue tabia yake: hushika kila ulipohifadhi, si ulichokuwa ukiandika bila kuhifadhi. Na kwa mipangilio ya kawaida hairekodi faili linalozidi kilobaiti 256.

*Notepad++.* Nakala hupigwa kila baada ya sekunde 7. Faili lisilo na jina huhifadhiwa kwenye folda ya backup kama `new 1@` ikifuatwa na tarehe na saa. Mara nyingi programu inapofunguka tupu baada ya ajali, kilichoharibika ni `session.xml`, yaani orodha tu, na maandishi yapo mahali pake. Panga folda kwa tarehe, fungua kila moja, hifadhi upya mahali unapotaka.

*Sublime Text.* Ndani ya `Local` kuna `Session.sublime_session` na `Auto Save Session.sublime_session`. La pili ndilo linaloandikwa wakati programu ikiendelea kufanya kazi, kwa hiyo ndilo la kutazama baada ya ajali. Ni maandishi ya JSON: tafuta sentensi unayoikumbuka, nakili kilichomo, kisha badilisha kila `\n` iwe mstari mpya.

Kate hukuonyesha utepe juu ya faili wenye kitufe cha kurejesha, ukubali. TextEdit ya macOS huhifadhi yenyewe, na kwenye menyu ya File utapata matoleo ya nyuma. Notepad ya Windows 11 hurudisha vichupo yenyewe, ila ile ya zamani haikuwa na nakala ya aina yoyote, na hapo tegemeo lako ni hatua ya tano.

Hatua ya 4: Linganisha kabla ya kuhifadhi juu

Unalo sasa toleo lililorejeshwa na toleo la diskini. Usidhani lililorejeshwa ndilo jipya. Kama ulihifadhi faili kutoka kompyuta nyingine, au mwenzako alilibadilisha, au Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili) ilivuta matoleo mapya katikati, nakala ya pembeni inaweza kuwa ya nyuma. Tumia `diff`, au kipengele cha kulinganisha ndani ya VS Code, au programu-jalizi ya kulinganisha ya Notepad++. Tazama hasa mwisho wa faili, kwani ndiko kukatika huonekana: aya inayoishia katikati ya neno, mabano yasiyofungwa.

Faili likifunguka likiwa limejaa neno NUL au masanduku meusi, huku ukubwa wake ukiwa ule ule, usihangaike kulibadilishia mfumo wa herufi. Ni alama ya umeme uliokatika katikati: mfumo wa mafaili ulikwisha kuandika kwamba faili lina ukubwa fulani, lakini maandishi yenyewe yalikuwa bado kwenye kumbukumbu yakisubiri kushushwa diskini. Linux, kwa mfano, huweza kuchelewesha kazi hiyo kwa sekunde 30 hivi pasipo programu kuiomba ifanye haraka. Ndani ya faili hilo hamna kitu cha kuokoa. Tafuta nakala nyingine.

Hatua ya 5: Ukikosa kabisa

Jaribu kwa mpangilio huu. Kama folda iko kwenye huduma ya kusawazisha mtandaoni, fungua tovuti yake uangalie matoleo ya awali ya faili. Kwenye Windows, bofya kulia folda na utazame matoleo ya awali, kama File History iliwashwa; kwenye macOS, Time Machine. Kama uliwahi kufanya `git add` bila kukamilisha komiti, Git inayo nakala tayari: `git show :ripoti.txt` itakuonyesha. Na kama baada ya hapo uliongeza toleo jingine juu yake, `git fsck --lost-found` itakusanya vipande visivyo na mwenyewe ndani ya `.git/lost-found`.

Programu za kufufua mafaili yaliyofutwa, kama PhotoRec, ni za mwisho. Zinafaa zaidi kwenye diski za zamani zinazozunguka. Kwenye SSD (diski za kisasa zisizozunguka), mfumo huiambia diski mara kwa mara isafishe nafasi zilizoachwa, na kilichosafishwa hakirudi. Ukiamua kujaribu, acha kuitumia diski hiyo mara moja, na usisakinishe programu ya kufufulia humo humo.

Hatua ya 6: Panga, kisha jaribu kwa makusudi

Kwenye VS Code, hakikisha `files.hotExit` (mpangilio unaotunza maandishi yasiyohifadhiwa) haijazimwa, na uweke `files.autoSave` (kuhifadhi kwa kujiendesha) iwe `afterDelay`, yaani baada ya muda mfupi. Binafsi napendelea `onFocusChange`, yaani unapohamia kwingine, kwa msimbo, kwa sababu kuhifadhi kila sekunde huwasha upya programu zinazofuatilia mafaili, na hilo huchosha. Kwenye Notepad++, nenda Preferences, sehemu ya Backup, uone kwamba kisanduku cha nakala za kila mara kimewekwa alama. Kwa Vim, ongeza `set undofile` ili historia ya kutengua ibaki hata baada ya kufunga, ukijua kwamba huandikwa pale tu unapohifadhi. Na kwa orodha ya vichupo tumia `:mksession`, kisha `vim -S` siku ya pili. Kwa Emacs, `desktop-save-mode`.

Kisha jaribu. Fungua faili lisilo na thamani pamoja na kichupo kipya kisicho na jina, andika aya mbili kwa kila kimoja bila kuhifadhi, subiri dakika moja, halafu ua kihariri kikatili: `kill -9` kwenye Linux na macOS, `taskkill /F /IM notepad++.exe` na mfano wake kwenye Windows. Fungua tena, uhesabu kilichorudi. Kichupo kisicho na jina ndicho cha kukitazama kwanza, kwani hapo ndipo vihariri hutofautiana zaidi. Kisiporudi, jenga tabia ya kulipa jina kila faili kabla ya mstari wa kwanza, au badilisha kihariri.